Ufundi wa Kuvuta

Katika kazi zote za maabara, ninayoihusudu kuliko nyingine ni ya kuvuta. Fundi huketi mbele ya hadubini. Upande mmoja ana mrija wa kioo wenye tundu lisiloonekana kwa macho, na kwa tundu hilo amefyonza chembe nyekundu ya damu, kiasi cha kuishika tu, isije ikapasuka. Kwenye chembe amegandisha ushanga mdogo kuliko chembe yenyewe, na ushanga huo ameupaka molekuli ngeni. Upande wa pili, mrija mwingine umeshika seli T, askari wa kinga ya mwili. Anazigusanisha, halafu anarudi nyuma taratibu. Chembe ikirefuka kidogo, basi kuna kilichoshikana. Na kwa kadiri ilivyorefuka, anasoma kani. Chembe ya damu imegeuzwa springi ya mizani! Mbinu hii ilibuniwa na Evan Evans na wenzake katika miaka ya 1990.

Kani inayotafutwa ni kama pikonyutoni 10. Chembe nyekundu moja, ukiipima hewani, uzito wake hauko mbali na pikonyutoni 1.

Huko Atlanta, kwa mbinu hiyo, kundi la Cheng Zhu wa Georgia Tech lilichukua seli T za panya zinazotambua kipande cha protini ya ute wa yai la kuku, chenye asidi amino 8 tu. Mtu angetarajia kwamba ukivuta vitu viwili vilivyoshikana, vitaachana upesi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikwenda kinyume: kipande hicho kilivyovutwa ndivyo kilivyoshikwa kwa muda mrefu zaidi, mpaka kwenye pikonyutoni 10 hivi; kani ilipozidi hapo, mshiko ukalegea. Ni fundo la kamba ya mbuzi, ambalo hukaza mbuzi anapovuta. Lakini asidi amino moja ilipobadilishwa, kikawa kipande cha kuizubaisha seli badala ya kuiamsha, kila kuvutwa kulikiponyosha mapema. Mishiko mirefu ilipolimbikizana, kalsiamu ilipanda ndani ya seli, nayo ikaamka. Mwilini, seli haimngoji fundi: huvuta yenyewe, kwa nyuzi zake za aktini.

Wapo wasioafiki. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa na Uingereza walizitoa molekuli zinazoshikana nje ya seli, wakazivuta kwa mkondo wa kimiminiko, wasione kukaza kokote. Kwangu mimi, ubishi huo unaupa mkono wa fundi heshima zaidi, maana namna ya kushika inaweza kubadili jibu.

Na jibu lina uzito wake hospitalini. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba wagonjwa wawili wa saratani walifariki baada ya kupewa seli T zilizoongezewa nguvu ya kunata. Zilishika pia titini, protini ya misuli ya moyo. Mwaka 2022, maabara ya Christopher Garcia pale Stanford ilijaribu njia nyingine: kuvichonga vipokezi, yaani molekuli ambazo seli T hushikia, vikaze vinapovutwa, bila kuviongezea sana mnato vikiwa vimetulia. Makali ya seli T zenye vipokezi hivyo dhidi ya seli za saratani yakapanda.