Nakshi Inayoendeshwa na Mota

Ukuta wa kusini wa Institut du Monde Arabe mjini Paris una fremu 240 za mraba. Kila moja ina kioo nje na kioo ndani, na kati ya vioo hivyo vipande vyembamba vya chuma vinavyofumba na kufumbua matundu kama lenzi ya kamera: tundu kubwa katikati, madogo yakilizunguka. Vihisi hupima mwanga, kompyuta huamua, mota husukuma. Msanifu majengo Jean Nouvel na wenzake walilimaliza jengo mwaka 1987.

Mitambo ya namna hii kwa kawaida hufichwa darini. Mkazi huijua kwa ubaridi wa hewa tu. Hapa imetolewa hadharani ikafanywa pambo, na mpita njia anaweza kuliona jengo likiamua. Kwa ujasiri huo peke yake Nouvel anastahili sifa.

Lakini tulitazame umbo lenyewe. Chimbuko lake ni mashrabiya, ile kimiani ya mbao ya madirisha ya Cairo. Katika kazi bora za aina hiyo, vijiti vya chini, usawa wa macho, hubanana ili mwanga usiumize. Vya juu huachana ili upepo upite. Fundi alijua aliye ndani ameketi wapi. Ukutani Paris, fremu ya chini kabisa haina tofauti na ya juu kabisa. Nouvel ameiondoa tofauti ya mahali akaweka ya wakati: matundu hubadilika jua linapobadilika, ila hayajali nani ameketi wapi.

Upepo nao haumo, kwa kuwa vioo vimeuzibia pande zote mbili. Tena chuma kipo nyuma ya kioo cha nje, na hilo, kwangu, ndilo kosa la msingi: jua huzuiwa likiwa limeshaingia, na joto lake hubaki humo humo kati ya vioo. Mbao za Cairo hulisubiri nje.

Kabla ya ukarabati wa 2017, matundu mengi yalikuwa yamekwama kwa miaka. Wageni hawakuacha kuja na kamera zao. Nyota, duara na pembe zilikuwa pale pale, na vivuli viliendelea kusogea sakafuni kwa sababu jua linatembea, mota ziwake zisiwake. Kama pambo, basi, ukuta haukupoteza kitu. Kilichokufa ni ile kazi ya kudhibiti mwanga ambayo mitambo yote ile ilinunuliwa kwa ajili yake.