Kimia cha Nje Huanza Kuoza Kwenye Maungio

Wengi wanaochagua grili au kimia cha kupamba ukuta wa nje huanza na umbo: maua, nyota, mawimbi. Mimi ningeanza na maungio, hasa kwa nyumba za pwani, kwa kuwa ndiko chumvi inakoanzia kazi.

Tazama grili ya kawaida ya Mombasa au Dar es Salaam. Fundi hukata mabomba ya mraba, huyachomelea, hupaka redi oksaidi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kumalizia. Ubavuni mwa bomba rangi hushika vizuri. Kwenye mshono hubaki masizi na vijitundu ambavyo brashi haivifikii. Unyevu hupenya hapo na kulila bomba kwa ndani. Kutu inapoanza kuchuruzika ukutani, chuma kimeshakuwa chembamba kama karatasi.

Bomba lililokwishapakwa zinki dukani halitoshi, maana moto wa kuchomelea huiunguza zinki palepale inapohitajika zaidi. Grili nzima iundwe kwanza, kila bomba litobolewe matundu ya kupumulia, ndipo izamishwe kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto la nyuzi 450 hivi. Bomba lililozibwa likiingia humo laweza kulipuka, kwa hiyo matundu hayo yaonekane kwenye mchoro tangu mwanzo. Gharama ni kubwa zaidi, nami naona inastahili.

Chuma si njia pekee. Mafundi wa mashrabiya, vimia vya mbao vya madirisha ya Cairo, waliyapa maungio uhuru: vipande vidogo vilivyokerezwa vilishikana bila misumari wala gundi, mti ukapata nafasi ya kuvimba na kusinyaa. Huko Abu Dhabi, wasanifu majengo Foster + Partners walichagua zege lenye nyuzi za kioo kwa vimia vya makazi ya Taasisi ya Masdar, iliyofunguliwa 2010, rangi yake ikitokana na mchanga wa huko. Nyuzi hazishiki kutu, hivyo zege laweza kuwa jembamba.

Kwa mfuko mdogo, ningechukua matofali ya saruji yenye matundu, bila waya katika mbavu zake nyembamba. Waya ukishika kutu huvimba na kuipasua saruji. Alumini pia inafaa, ikifungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu zenye washa za plastiki. Metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.