Seabiscuit: filme inapita haraka pale tungetaka ikae

Filme Seabiscuit ya Gary Ross ni ya 2003, lakini mimi niliiona juzi tu, ku telefone ya rafiki, hapa Manika, moto ya umeme ikiwa imekatika. Farasi mudogo wa Amerika anashindwa na kushindwa, kisha mufundishaji mumoja anamuelewa, na mu Novemba 1938 anamupita War Admiral, bingwa wa wakati ule. Bengi wanalia. Mimi pia ilibaki kidogo.

Shida yangu iko ku mwanzo. Filme inasema mbiombio kwamba mabwana wa kwanza walimuzoeza kushindwa, ili farasi zingine zipate moyo. Ni hiyo tu, inaendelea. Lakini mu 1935, akiwa na miaka mbili, Seabiscuit alikimbizwa mara 35! Mara 17 za kwanza hakushinda hata moja. Sasa juu ya nini waliendelea kumuandikisha? Swali ile njo ilikuwa tamu. Mara tatu walimutia mu mashindano ambamo farasi anakimbia akiwa na bei, mwenye kumutaka anamununua: dola 2 500. Hakuna aliyemutaka. Kumbe ilikuwa soko. Siku ingine ni mazoezi tu. Na kule Ngong, Nairobi, kuko mashindano ambamo farasi wa nguvu anabebeshwa kilo mingi, muzaifu kilo kidogo. Wa mwisho wa leo anaweza kupunguziwa muzigo kesho. Mwenye farasi haiko mujinga, anajua anatafuta nini.

Hapo nikakumbuka tesiti yangu. Sosiete moja ya hapa Kolwezi ilitafuta agronome wa mashamba ya vijiji vya karibu na mine. Tulikuja bengi, na dosie, fotokopi, teksi ya kwenda na kurudi. Nyuma tukasikia kwamba mwenye kazi alikuwa ameisha kuanza mbele ya siku ya tesiti. Sisi tulijaza liste. Farasi, walau bwana wake alimulisha. Sisi tulijilipia hata maji.

Filme yenyewe iliandikishwa ku Oscar 2004 kwa zawadi saba, ikarudi mikono mitupu. Sizani kama kuna mutu aliyeshangaa, The Lord of the Rings ilikuwa mbele yake.

Mimi juma tatu nimepeleka dosie ingine. Ila safari hii niliuliza kwanza ku mulango: ile nafasi ingali wazi? Sentineli akacheka.