Kiatu Kisicho na Sauti

Mcheza ngoma aliyevaa njuga haulizi sauti yake inatoka wapi. Akikanyaga zinalia, akitulia zinanyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Joseph Paradiso na wenzake katika Media Lab ya MIT, Marekani, walitengeneza viatu vya dansi vilivyoutenganisha mguu na mlio wake, kisha ikabidi mtu akae auunganishe upya. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo ninayoisifu.

Kila kiatu kilipima mambo 16. Soli ilitambua uzito umeegemea kisigino au vidole, na imekunjika kiasi gani. Vihisi vingine vilifuatilia mguu unavyoinama, unavyozunguka, unavyokita chini, ulipo jukwaani, hata umeelekea wapi kwa dira. Habari zote zilirushwa kwa redio hadi kwenye kompyuta, bila waya wa kumkwaza mchezaji. Lakini kiatu chenyewe ni bubu. Kinachotoa ni namba. Kisigino kikikita, kilie nini? Mguu ukizunguka, noti ipande au mwangwi urefuke?

Anayejibu maswali hayo ni fundi haswa. Akikipa kila kitikisiko sauti, jukwaa zima linageuka makelele na mtazamaji hajui tena nani anampigia nani. Akibana mno, mchezaji anakuwa mbonyeza vitufe. Kwa hiyo humtazama mchezaji mazoezini saa nyingi, mpaka ajue mguu unapojiweka sawa tu na unapokusudia, ndipo aifundishe programu kuupuuza ule wa kwanza. Na sauti ikichelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde, mwili unagundua: mchezaji anaanza kuisubiri mashine.

Mvaaji naye ana safari yake. Mwanamuziki Laetitia Sonami alianza mwaka 1991 na glavu za mpira za jikoni, vihisi vya sumaku vimegundishwa kwenye ncha za vidole vya mkono mmoja na sumaku kwenye mkono wa pili. Kifaa hicho kiliundwa upya na kuboreshwa, naye akabaki nacho miaka mingi, vifaa vipya vikija na kupita. Leo vihisi ni vidogo na vinapatikana kwa urahisi, nami nafurahi. Ningependa tu mchezaji aachiwe kimoja, akae nacho, mpaka asahau kwamba amekivaa.