Silabusi ya emoglobini: inasaidia kwa mutihani, kwa mgonjwa bado

Nimesoma tena ile silabusi ya marudio ya mapafu, limfa na emoglobini, yenye inazunguka kwa fotokopi. Ukurasa wa limfa uko safi: unaona namna maji yenye yanatoka kwa mishipa yanarudi kwa damu.

Kwa emoglobini njo kuko shida. Tunakariri: minyororo 4, oksijeni 4, mstari wenye kujipinda kama S. Sawa. Lakini hakuna fasi wanasema kama saturasio si wingi wa oksijeni. Gramu 1 ya emoglobini inabeba karibu mililita 1,34. Mtoto wa malaria mwenye gramu 5 kwa desilita anaweza kuonyesha 98 % kwa kifaa cha kidole, kumbe desilita ya damu yake inabeba kama mililita 6,6 tu. Mwenye gramu 15 anabeba karibu 20. Munganga mwenye kuangalia ile 98 peke yake atamurudisha nyumbani, na pengine mtoto alihitaji damu.

Mimi naomba waongeze ile hesabu. Inaenea kwa mistari mitatu.