Sifa za Utando wa Mikromita Tatu

Biti za kutobolea chuma zenye rangi ya dhahabu zimejaa kwenye maduka ya vifaa, na wanunuzi wengi huamini kuwa rangi ile ni pambo. Zipo zilizopakwa rangi kweli, za kuvutia macho tu. Lakini kwenye biti iliyotengenezwa kwa uaminifu, dhahabu ile ni nitridi ya titani, utando ambao ugumu wake unazidi mara mbili ugumu wa chuma ulichokifunika. Unene wake ni mikromita 2 hadi 4 hivi, wakati unywele wa mtu hufikia kama 70. Sijui ufundi mwingine unaofanya makubwa kwa kitu chembamba kiasi hicho.

Kazi yenyewe huanzia kwenye maji na sabuni, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wake. Kila kifaa huzamishwa katika beseni la dawa ya moto inayotikiswa kwa mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, mpaka grisi iliyojificha kwenye mifereji itoke. Kisha husuuzwa kwa maji yasiyo na madini na kukaushwa mara moja, maana tone likijikaukia lenyewe huacha doa. Kuanzia hapo hakishikwi tena kwa mkono mtupu. Alama moja ya kidole yatosha: jicho halitaiona, ila utando utakapokaa juu yake utabanduka. Rangi ya brashi husitiri makosa. Utando huu hausitiri kitu. Chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa hung'aa zaidi, na chenye mkwaruzo hutoka na mkwaruzo wake, sasa ukiwa wa dhahabu.

Baada ya hapo vifaa huingizwa katika chumba cha chuma na pampu hufyonza hewa mpaka ibaki sehemu moja hivi kati ya milioni mia. Oksijeni na mvuke wa maji vikisalia ndani, vitaharibu kila kitu. Gesi ya agoni hutangulia kuingizwa, na ayoni zake huugonga uso wa chuma na kung'oa uchafu wa mwisho. Ndipo cheche ya umeme inapowashwa juu ya bamba la titani, ikirukaruka na kuigeuza metali kuwa mvuke. Nitrojeni huingizwa kidogo kidogo, na viwili hivyo huungana juu ya vifaa vinavyozunguka taratibu ili kila upande upate fungu lake. Nitrojeni ikipungua, rangi hupauka. Ikizidi, huelekea wekundu wa shaba. Fundi mzuri huisoma kazi yake kwa rangi.

Joto nalo halina mzaha. Njia ya zamani ya kemikali ilihitaji nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, joto la kuuharibu ugumu wa chuma cha biti. Njia ya ombwe hutosheka na nyuzi 450 au pungufu, na ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980 biti za dhahabu zikaenea viwandani.

Mabomba ya bafuni na vitasa vya milango hupitia njia hiyo hiyo, mara nyingi kwa nitridi ya zirkoni. Huko utando peke yake hautoshi kuzuia kutu, kwa kuwa una vitundu visivyoonekana; huwekwa kwanza nikeli na kromi chini yake. Anayeuza bila kulieleza hilo anamdanganya mteja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, biti yako ya dhahabu ikibutuka, usiitupe. Inoe. Jiwe la kunolea litaondoa utando pale lilipopita tu. Ndani ya mifereji bado upo, na chenga za chuma zitaendelea kuteleza humo bila kuganda.