Utani wa Rangi: Uhakiki wa Wanyama wa Tingatinga na Nafasi ya Mchezo kwa Jamii ya Quitunda

Makala haya yanahakiki namna wanyama wanavyochorwa katika sanaa ya Tingatinga, na yanadai kuwa mchezo uliomo katika sanaa hiyo ni mkondo wa fikra wala si upungufu wa ufundi. Hoja hii ina uzito wa kisera kwa Quitunda, kijiji kilichojengwa katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, ili kuwapokea wakazi waliohamishwa kupisha mradi wa gesi kuanzia mwaka 2019, na ambacho kilifurika wakimbizi baada ya shambulio la Palma la Machi 2021.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika ukanda wa mto Ruvuma ambao Wamakua, Wamakonde na Wayao wameuvuka kwa vizazi vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi, yaani kwa vifaa vya fundi ujenzi. Alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hiyo. Uhakiki wa kigeni umezoea kuiita sanaa hii ya kitoto au ya watalii.

Picha zenyewe hazikubaliani na majina hayo. Chui wa Tingatinga hulijaza ubao mzima. Mwili wake huonekana ubavuni, ilhali uso umemgeukia mtazamaji. Madoa yake hupangwa kwa mpigo kama nakshi. Nyuma yake hapana pori wala upeo wa macho, bali rangi moja tu na pengine kijiti kimoja chenye ndege. Mnyama huyu hatazamwi kutoka mbali kama wa mbuga. Yeye ndiye anayetazama, tena kwa macho ya mtu anayejua siri ya mwenzake.

Istilahi inayofaa kuueleza uhusiano huo imo katika Kiswahili: utani. Katika makabila ya kusini mwa Tanzania, mtani huruhusiwa kumkejeli mwenzake bila kuleta ugomvi, lakini ruhusa hiyo huambatana na wajibu. Msiba unapotokea, mtani ndiye anayewachekesha wafiwa, na ndiye huyohuyo anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Kwa hiyo utani si kinyume cha uzito wa mambo. Ni namna ya kuubeba. Mchoraji aliyekulia mahali ambapo simba na tembo ni tishio kwa uhai na shamba, kisha akamchora mnyama kwa kumchezea, amemfanya mtani wake.

Yapo mapingamizi. Soko la watalii limezalisha marudio mengi, na twiga wa dukani mara nyingi hana utani wowote: amebaki mapambo. Hata hivyo, udhaifu huo unathibitisha kigezo kinachopendekezwa hapa. Picha hupoa pale mchoraji anapoacha kuzungumza na mnyama na kuanza kumnakili mchoraji mwenzake.

Kwa Quitunda, suala hili si la urembo. Wakazi wa Palma, wasemaji wa Kimwani, Kimakonde, Kimakwe na Kiswahili, wamepoteza makazi, makaburi na njia za kwenda baharini. Katika mkoa wao tembo na nyani huharibu mazao. Ipo hatari kwamba mipango ya elimu na utamaduni itawapa watoto aina mbili tu za picha: za maonyo, na za mnyama aliye rasilimali ya taifa. Zote mbili humfundisha mtoto kutii. Hazimpi nafasi ya kujibu.

Inapendekezwa, basi, kwamba watunga sera waruhusu aina ya tatu. Vitabu vya kusomea vya lugha za nyumbani viwe na wanyama waliochorwa na wenyeji, kwa vifaa vinavyopatikana madukani, bila kudaiwa ufanano na picha ya kamera wala somo la maadili katika kila ukurasa. Aidha, wahakiki wa Kiswahili waufanye utani kuwa istilahi rasmi ya uhakiki wa sanaa za maonyesho na za uchoraji. Jamii iliyohamishwa huhitaji nyumba na shamba. Huhitaji pia uwezo wa kukicheka kinachoitisha, kwa lugha yake na kwa mkono wake.